Radhi Niliyoiruka

Mtu akitaka kwenda Makka huomba radhi kwanza. Huwapitia jirani zake nyumba kwa nyumba, akawataka wamsamehe kila alichowakosea, kwa sababu safari ni ndefu na huenda asirudi. Mimi nilipita nyumba arobaini na moja pale Ifakara, na idadi hiyo niliitangaza kama mtu aliyeua tembo. Haikunijia kwamba mwenye nyumba arobaini na moja za kuomba radhi, katika mji mdogo kama ule, hana la kujivunia.

Niliomba radhi ya kuku wa jirani niliyemla mwaka wa njaa. Niliomba radhi ya migono, ile mitego ya samaki ya kusukwa, ambayo nilikuwa naitembelea alfajiri kabla ya wenyewe. Nilimwomba radhi mjane mmoja kwa maneno ya mapenzi niliyowahi kumpelekea, naye akasema hayakumbuki, jambo lililoniuma kuliko kama angenifukuza. Kelestini, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu mto Lumemo, alikuwa amebatizwa na mapadri wa Kwiro. Kwake nilikiri kwamba nilimwita kafiri mbele ya mkewe. Alisema hakuna neno, ila anaihurumia miguu yangu. Kwao, alisema, mtu hupiga magoti mara moja mbele ya padri, akamaliza yote, akaenda zake kulima.

Nyumba ya arobaini na mbili ilikuwa ya mama yangu, na ndimo nilimokuwa nalala na kula. Hiyo niliiruka.

Sababu nilikuwa nayo, maana mtu wa maneno mengi hakosi sababu. Mama ndiye niliyekuwa nakwenda naye. Radhi, nilijiambia, huombwa kwa wale unaowaacha, si kwa yule mnayeongozana. Tena nilimwona na yeye akizunguka mji na fimbo yake, polepole, akiomba radhi hata kwa watu ambao sikujua kama waliwahi kugombana naye, na kwangu hakuja. Nikasema moyoni kwamba ni sawa kabisa. Mimi atakuwa amenikosea nini?

Kosa langu kwake nitalisema sasa hivi, usije ukadhani lilikuwa la kuku.

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilikuwa kijana, na kaka yangu Matimbwa alikuwa mwanamume wa maana. Yeye alilima, alijenga, alinyamaza. Mimi nilisema. Mama aliitwa Mama Matimbwa na watu wote, na hata leo, ingawa mtoto aliyebaki ni mimi Ligongo, hajawahi kuitwa kwa jina langu. Basi habari ilipofika bondeni kwamba upande wa Rufiji iko dawa, maji ambayo mtu akinyunyiziwa na kunywa risasi za Mdachi hazimwingii, wazee walitafuta mtu wa kwenda kuyaleta. Nilijitokeza, kwa kuwa niliona ni kazi ya kutembea na kuzungumza, na zote mbili nilikuwa naziweza. Nilichukua kibuyu cha Mama, kile kikubwa chenye kizibo cha gunzi la hindi. Mganga akanijazia maji yenye mtama na mahindi, akaniagiza yasimwagike na yasichanganywe na maji mengine.

Niliyabeba siku tisa bila tone kupotea. Siku ya kumi, nimebakiza kuvuka Lumemo, naona na moshi wa nyumba zetu, nilijikwaa kwenye mzizi nikaanguka kifudifudi. Gunzi liliruka huko, na maji yote yakanywewa na mchanga.

Mtu mwingine angerudi, au angekwenda kusema kweli. Lakini mimi njia nzima nilikuwa natengeneza hotuba, na hotuba ilikuwa imekwisha kuiva. Nilitazama huku na huku, sikuona mtu, nikateremka mtoni nikajaza kibuyu. Punje chache za mtama zilikuwa zimeshikilia ndani, zikaelea juu, na yakaonekana kama yale yale. Jioni watu walipanga mstari na vikombe na vibuyu vyao, nikawagawia, nikahutubia mpaka sauti ikanikauka.

Matimbwa hakutaka. Alisema ana pori la kufyeka. Nilimwandama siku mbili kwa maneno, nikamwambia anayeogopa risasi na dawa ipo huyo si mwoga tu, ni mchoyo wa nafsi yake. Siku ya tatu akanywa. Tulipofika Mahenge na bombomu la Wadachi, ile bunduki ya risasi mfululizo, likaanza kulia, yeye alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwa kuwa katika jeshi lile zima nilikuwa peke yangu niliyejua ndani ya kibuyu mlikuwa na nini. Na tulipogeuka kukimbia, wa nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza. Niliongoza vizuri sana siku ile.

Matimbwa alibaki kule. Najua, hata waliokunywa dawa yenyewe walikufa. Watu wa Mofu walikunywa yenyewe, na Mofu ikajaa wajane. Akili yangu inajua hivyo. Tatizo ni kwamba akili yangu haijawahi kuwa na sauti kubwa ndani ya nyumba yangu. Miaka saba nilikula wali wa mama yangu nikijua ni mimi niliyemuulia mwanawe mzuri, wala sikufungua kinywa, mimi ambaye kufungua kinywa ndiyo kazi yangu.

Baada ya vita na njaa wengi wetu tulisilimu. Mimi nilijifunza kwa mwalimu aliyetoka pwani, nikapata sura nne na kilemba, na watoto wakaletwa kwangu kufundishwa hizo sura nne. Mama alisilimu kimya kimya. Alilima mpunga, akawauzia wafanyabiashara wa misafara, akaweka. Siku moja aliniambia anataka kwenda Makka na kwamba nitamsindikiza, kwa sababu mwanamke haendi bila mtu wake. Nilimuuliza kwa nini Makka, kwa umri ule. Alisema ana shughuli huko. Kisha akakitoa darini kile kibuyu, kimefukizwa na moshi wa miaka saba, gunzi likiwa lile lile, akasema atakwenda kuchotea maji ya Zamzam, akirudi ampelekee Matimbwa Mahenge, amwagie pale alipoangukia.

Nilimshauri tununue chombo cha bati. Nilieleza ubora wa bati kwa urefu. Yeye alipangusa masizi ya kibuyu, akakifunga kwenye mzigo wake.

Kuhusu safari yenyewe nitasema machache, kwa kuwa wakati mwingi nilikuwa nimeinama nikitapika. Tulitembea siku nane mpaka Kilosa, mimi na kilemba changu tukiwa mbele kama viongozi, mpaka malengelenge yaliponirudisha nyuma siku ya pili. Pale Kilosa nilimwandaa Mama kwa treni. Nilimwambia asiogope, ni chuma tu na moto, amshike mwanawe. Ilipoondoka aliegemea dirisha akalala. Mkono ulioshikwa ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe. Baharini ndiyo nilikata tamaa kabisa, nikamuusia anizike kokote. Yeye alikaa juu ya mkeka wake na kibuyu magotini, akanilisha uji kama mtoto wa kuachishwa ziwa.

Huko Makka mimi ndiye niliyekuwa msomi. Nilimweleza Mama kwamba Kaaba huzungukwa mara saba, na kwamba nitamhesabia. Katika msukumano ule shuka yangu ya ihramu ilianza kuteremka, na mtu anayeshikilia nguo hawezi kuhesabu. Nilitangaza tumefika ya tano. Mama akafumbua kiganja, akanionyesha punje za mpunga wa Ifakara. Alikuja nazo saba zimefungwa kwenye ncha ya khanga, na kila tukimaliza mzunguko alihamisha punje moja kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mkono wa kulia zilikuwa sita. Kutoka hapo nilimfuata yeye.

Nilikuwa nimejipangia kumwambia Arafa. Arafa ni uwanda, watu husimama pale tangu adhuhuri mpaka jua kuzama wakiomba msamaha, na hakuna anayeona haya, maana kila mtu analia na madhambi yake. Nilisema kama kuna mahali duniani ambapo mwoga anaweza kusema kweli bila kutazamwa, ni hapa. Mama alikuwa ameinua mikono na machozi yanamteremka, na midomo yake inarudia jambo moja tu, nisilolisikia. Nilisogea. Niliita, "Mama." Akanigeukia kwa uso ulio wazi kabisa, kama mtu aliyekuwa ananingoja. Nikamuuliza kama atakula tende.

Akasema hapana. Akageukia kibla tena. Nilizila zile tende mwenyewe, na nilizichukia moja moja.

Kibuyu alikijaza Zamzam kwa mkono wake, akapigilia gunzi, na toka hapo hakuniruhusu nikiguse. Alipita nacho karantini, akakaa nacho melini, akalala nacho kwenye treni. Tuliporudi Kilosa masika yalikuwa yameanza. Tulitembea kwenye tope, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Tulipopita Kiberege, imebaki siku moja tu kufika nyumbani, alisimama, akanipa kibuyu. Alisema nikibebe mpaka Lumemo, na nitazame ninapokanyaga. Yeye akatangulia na fimbo yake.

Nilitazama ninapokanyaga. Wallahi nilitazama. Nilitazama sana hata sikuliona tawi lililoning'inia, likanipiga usoni, nikaketi kitako katikati ya kijito. Nilisikia gunzi likitoka. Sauti ile ningeitambua hata kaburini.

Hapo nilipaswa kuita. Mama alikuwa hatua hamsini mbele, na mimi nina sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Badala yake nilitazama huku na huku. Mikono yangu ilikizamisha kibuyu kabla mimi sijaamua. Mikono inakumbuka kazi iliyowahi kuifanya. Nililitafuta gunzi, nikapigilia, nikajifuta tope, nikamfuata. Nilikuwa nimekwenda Makka na kurudi, na nilikuwa mtu yule yule hadi kwenye kucha.

Lumemo ilikuwa imefurika. Kelestini alituvusha, akituangalia kwa adabu mpya, akamwita Mama Haji. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa kutulaki, wale wa nyumba zangu arobaini na moja, na mbele yao amesimama askari wa boma. Tangu vita, serikali ilikuwa haipendi kuona mtu njiani na kibuyu cha maji yasiyojulikana. Watu walikuwa wamepigwa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko, kwa maji ya kunywa tu. Askari alinipokonya kibuyu, akakitikisa, akauliza kuna nini.

Nilianza kueleza. Mama akanikatiza. Alisema ni maji.

Watu wote walirudi nyuma hatua moja. Askari akauliza maji gani.

"Ya Zamzam," Mama akasema. "Nimeyachota mwenyewe."

Yule askari alikuwa mtu wa Sudani, Mwislamu, amezeekea kazini. Alivua tarbushi. Alikirudisha kibuyu mikononi mwa Mama kwa mikono yake miwili, na kwa sauti ya chini akasema mtoto wake ana homa siku ya nne, kama Haji atamsaidia tone moja. Akakinga viganja. Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kukimbia na kurudi na vikombe. Walipanga mstari, na nilizijua sura zile. Waliobaki hai walikuwa wale wale, wamesimama vile vile, na vyombo vyao vimeinuliwa kwa kiasi kile kile. Hata Kelestini alikuwa amefunga mtumbwi wake akaja na kata. Mama alishika gunzi.

Sikutengeneza hotuba. Nilisema, "Mama, usifungue. Ni maji ya kijito cha Kiberege. Nilianguka nikayamwaga yako, nikajaza mengine."

Askari alivaa tarbushi yake akaanza kucheka, kicheko cha uchungu cha mtu aliyekuwa ametegemea. Alisema angependa sana kunichapa lakini amri yake ni kwa maji yenye dawa, na haya ndiyo maji pekee katika nchi nzima yaliyothibitishwa kuwa hayana. Watu walitawanyika na vikombe vyao. Mjane wangu, yule asiyekumbuka, alisema sasa atanikumbuka. Tangu siku ile watu wa Ifakara huniita Haji wa Kijito, na sikatai, ni cheo nilichokipata kwa jasho.

Tulibaki wawili ukingoni. Mama aliketi juu ya mtumbwi wa Kelestini uliofungwa, kibuyu mapajani, akitazama ng'ambo tulikotoka. Nilingoja matusi, nikiyataka.

"Na yale ya mwaka wa vita?" akauliza.

Nilimwambia. Maneno yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Miaka saba nilidhani ni habari ndefu, kumbe ni mzizi, gunzi, mto, na Matimbwa.

"Mle kwenye matete," Mama alisema, akionyesha kwa fimbo, "nilikuwa natazama mgono wangu. Nilikuona ukianguka, nikataka kucheka. Halafu nikakuona unateremka na kibuyu."

Nilimtazama.

"Aliyeharibu dawa aliitwa mchawi, na mwaka ule mchawi hakuulizwa mara mbili. Ningesema, wangekuua wewe palepale. Nikanyamaza. Matimbwa akaja kwangu, hakukuamini na maneno yako, akaniuliza mimi, 'Mama, ninywe?' Nikamwambia kunywa. Nikamwambia mdogo wako ameyatoa mbali."

Maji ya Lumemo yalikuwa yanapita na majani na matawi, mengi, mekundu ya tope.

"Siku nyingine nakutazama unakula," akasema, "natamani ningesema. Hiyo ndiyo shughuli niliyokwenda nayo Makka. Mungu nilimwomba. Kwako ndiko nilikoshindwa, nikapita nyumba zote za mji nikairuka yangu mwenyewe. Arafa uliponiita nilifurahi, nikajua utanianzia wewe. Ukaniletea tende. Niwie radhi, mwanangu."

Nilitafuta mzaha. Siku zote upo, hata msibani huwa napata mmoja. Sikuupata. Niliona vibaya kwamba mwanamke huyu alikuwa amenichagua mimi, kwa siku moja, na akalipa kwa mtoto wake mwema, na mimi miaka yote nilikuwa najiona ndiye mwenye mzigo. Nilipiga magoti kwenye tope nikasema nimemuwia radhi, nimemuwia, na nikamwomba yangu, ile ya nyumba ya arobaini na mbili, nikilia kwa sauti ambayo Kelestini, aliyekuwa anaurudia mtumbwi wake, aliisikia akaondoka taratibu bila kuuchukua.

"Nimekuwia radhi, Ligongo," Mama alisema. Alisema mara moja tu, kama anavyosema kila kitu.

Kisha alisimama, akavuta gunzi, akamwaga maji ya Kiberege yote. Aliteremka mpaka kwenye maji, pale pale, akainama akakizamisha kibuyu katika Lumemo mpaka kikaacha kutoa mapovu. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema mvua ikikatika tutakwenda Mahenge.

"Tutampelekea haya. Ndiyo aliyokunywa."

Nilinyosha mikono nimsaidie kupanda ukingo. Alinipa fimbo nimshikie, akapigilia gunzi kwa kiganja mara mbili, akakipakata kibuyu upande wa pili, mbali nami, akatangulia nyumbani.